Benchi Zilizozoea Kanisa

Ukitaka kufika mahali mapema, usitembee na Mugure. Kutoka stendi ya Mai Mahiu mpaka nyumbani kwake ni mwendo wa dakika kumi, lakini yeye huumaliza kwa saa nzima, kwa sababu njiani kuna gereji, na nyuma ya gereji kuna vitu ambavyo wenyewe wanaviita takataka na yeye anaviita viti ambavyo bado havijajijua. Atainama, atagonga, atanusa mbao kama mtu anayechagua nanasi sokoni, kisha atamwita mwenye gereji kwa sauti inayosikika mpaka kule juu malori yanakoanza kuteremka. Mkobani mwake mna spana mbili, futi ya kupimia, na lipstiki moja ambayo hajawahi kukumbuka kuipaka.

Kazi yake ni kupamba hoteli. Si zile za kulala zenye mazulia, la, ni hoteli za kula, vibanda vya chai, saluni, na mara moja duka la dawa ambalo wagonjwa walikataa kutoka. Sheria yake ni moja tu: hanunui kipya ikiwa kuna cha zamani kinachoweza kuinuka kikafanya kazi. Ubao wa lori uliochoka kubeba viazi unakuwa meza. Plastiki ngumu ya mashamba ya maua ya Naivasha inakuwa dari inayoingiza mwanga wa jua bila kuomba stima. Gugumaji, ambalo wavuvi wa ziwani hulilaani asubuhi na jioni, yeye hulikausha na kulisuka mikeka. Alianza na kibanda cha dada yake Wangechi miaka ishirini iliyopita, na leo hii ukimkuta dereva wa lori pale Mai Mahiu ameketi mahali pazuri kuliko sebule yake, ujue Mugure amepita hapo.

Hachori kwenye karatasi. Huchota majivu jikoni, akamwaga mistari sakafuni, hapa meza, pale mlango, kisha humpa mwenye hoteli trei tupu na kumwamuru atembee asikanyage majivu. Nimesikia kuna mzee mmoja wa Gilgil aliyezungushwa hivyo mpaka akaomba maji. Kazi ikiisha, Mugure hukalia kila kiti kilichomo, kimoja baada ya kingine, na kula juu yake sahani nzima ya githeri, mahindi na maharagwe. Anasema kiti kisichokuruhusu kumaliza sahani ni adui wa mwenye hoteli. Amenenepa kwa ajili ya kazi, na anayetaka kumcheka kwa hilo amweleze kwanza yeye amenenepa kwa ajili ya nini.

Basi mwezi wa pili mwaka huu simu ikalia, na aliyepiga alikuwa Jerotich, nesi mkuu aliyestaafu, mwenye nyumba kuukuu ya bangalo huko Milimani, Nakuru. Alitaka kuigeuza nyumba ile mkahawa wa mbuzi choma na mursik, yale maziwa ya mgando ya kibuyuni, na jina alikuwa nalo tayari: Shangwe.

"Miaka thelathini na moja nimeambia watu wanyamaze kwa wodi," Jerotich alimwambia siku ya kwanza, wakiwa wamesimama katikati ya chumba kirefu chenye mwangwi. "Shhh, shhh, kama nyoka. Sasa nimechoka. Nataka mahali watu wanapiga kelele mpaka jirani aulize ni nini. Unanielewa, Mama Kui?"

"Nakuelewa, Madam. Na hakuna kitu nitanunua."

"Hiyo pia naitaka. Mtoto wangu ananiambia siku hizi watu wanataka mahali pameheshimu mazingira."

Mugure alirudi nyumbani akiimba. Ilikuwa kazi yake ya kwanza Milimani, na alihakikisha Mai Mahiu nzima inajua, pamoja na mbuzi wake. Lakini furaha yake kubwa ilikuwa nyingine, na hiyo aliificha. Alikuwa tayari anajua watu wa Shangwe watakalia nini.

Kanisa la kwao Ndabibi, mle alimobatizwa na kuozwa, lilikuwa limenunua viti vya plastiki vya bluu. Benchi kumi na mbili za mbao za mtarakwa zilikuwa zimetupwa nje chini ya bomba la mvua, na benchi hizo zilitengenezwa na baba yake, Njuguna, fundi seremala, ambaye sasa ana miaka kumi na mmoja kaburini. Mugure aliwapa wazee wa kanisa milango miwili mizuri, wakampa benchi zote na bado wakamshukuru kwa kuwasafishia uwanja. Mama yake, Nyakio, hakuambiwa. Mugure alitaka amlete siku ya ufunguzi, amshike mkono, amwingize, na kumwonyesha kazi ya mumewe iking'aa Milimani mbele ya watu wenye magari.

Alizisugua wiki mbili. Chini ya rangi ya kanisa, mtarakwa ulikuwa bado mwekundu na bado unanukia. Kila benchi ilikuwa na mikono miwili ya chuma iliyopinda kando ya mgongo, ambayo Mugure aliidhani ni madoido ya baba yake, basi akaipaka mafuta ikametameta. Na nyuma ya kila mgongo kulikuwa na kibao chembamba cha kuwekea vitabu vya nyimbo, kimekazwa kwa boliti ndefu kwenye vile vyuma. Kibao hicho ndicho kilichomfurahisha kupita yote. Alikifuta, akakipaka vanishi, na mahali pa vitabu vya nyimbo akapanga kadi za vyakula. Akazikaza benchi sakafuni safu kwa safu, mbele ya kila moja meza ya mbao za lori, zote zikielekea jikoni ili mtu aione nyama yake ikigeuzwa motoni. Halafu akakalia kila benchi na kula githeri sahani kumi na mbili katika siku tatu. Hakuona kasoro yoyote.

Mtu akilelewa na kitu hakioni tena.

Shangwe ilifungua milango Jumatatu kwa wiki ya majaribio, kabla ya ufunguzi wenyewe wa Jumamosi. Mteja wa kwanza alikuwa bwana wa makamo mwenye kofia. Aliingia, akaangalia, akavua kofia. Akatembea kwa ncha za viatu mpaka benchi ya nyuma kabisa, akaketi pembeni, akainamisha kichwa. Waliomfuata wakajaza kutoka nyuma kuja katikati. Wanawake wakajikuta kushoto, wanaume kulia, na hakuna aliyewapanga. Benchi ya mbele ikabaki tupu kama inavyobaki tupu kila Jumapili tangu watu waumbwe.

Micah, mhudumu, kijana mrefu wa Njoro aliyeajiriwa kwa ajili ya kicheko chake, alipita katikati akiuliza watu wanataka nini. Walimjibu kwa kunong'ona. Mama mmoja aliinua mkono na kungoja. Sahani ya kachumbari ilipofika mwanzo wa safu, kila mtu alichukua kidogo akampitishia mwenzake kwa uso wa unyenyekevu, na ilipofika mwisho wa safu mtu alikuwa ameweka noti ndani yake.

Jumanne ilikuwa hivyohivyo. Jumatano mpishi alipogonga kengele kutangaza kwamba nyama imeiva, chumba kizima kikasimama.

Wakatazamana. Hakuna aliyejua kwa nini amesimama, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuketi. Mwishowe Micah, maskini, akiwa na trei ya mbavu mkononi, alisema, "Mnaweza kuketi," nao wakaketi, na mzee mmoja akasema amina.

Alhamisi Jerotich alimwita Mugure. Hakupandisha sauti, na watu waliowahi kufanya kazi chini yake hospitalini wanaweza kukwambia hiyo ndiyo hatari.

"Mama Kui, nimechoma mbuzi wanne. Watu wamekula, wamesema ni tamu, wametoka. Hakuna mtu amecheka. Hakuna hata mmoja. Jana mtu aliniuliza ibada inaanza saa ngapi."

"Wanahitaji kuzoea, Madam."

"Wamezoea sana, hiyo ndio shida. Mimi nimefungua hoteli. Sikufungua kanisa, na sikufungua wodi."

Mugure alijaribu. Ijumaa asubuhi alifungua boliti za sakafuni, akazigeuza benchi mbili zitazamane, na wateja walioketi hapo walionekana kama wazee waliokaa kuamua kesi ya shamba. Tena vile vibao vya vitabu viligongana mgongo kwa mgongo, na meza moja ikasukumwa hadi mlangoni. Akazirudisha. Akaweka muziki wa kuchezeka, watu wakautikisia vichwa polepole kana kwamba ni kwaya ya wageni. Akatoa kadi kwenye vibao, na mama mmoja alipoona vibao ni vitupu akatoa mkobani Biblia yake, akaiweka hapo, akaendelea kula.

Jioni Jerotich alimwambia neno la mwisho, na alilisema kwa upole, jambo lililomuumiza Mugure zaidi. Alikuwa ameagiza viti vya chuma dukani. Lori lingevileta kesho saa nne na lingeondoka na benchi.

"Si wewe ni mbaya," Jerotich alisema. "Kazi yako nzuri. Dari nzuri, taa nzuri. Benchi tu ndio zinakataa."

Usiku huo Mugure hakulala vizuri, na hakuwa akiwaza habari ya jina lake Milimani. Alikuwa akimwaza mama yake. Kui, binti yake, alikuwa amekwisha kwenda Ndabibi kumchukua, na kesho mama angeshuka garini na gauni lake la maua, akute benchi za mumewe zinapakiwa lori kwa sababu watu hawazitaki. Mara ya pili mwaka huohuo. Tangu alfajiri alipiga simu awazuie. Simu ya Kui haikupata mtandao. Simu ya mama ilikuwa imezimwa, kwa sababu Nyakio huiwasha anapotaka kupiga, si anapotafutwa.

Saa nne kamili lori likaingia uani. Saa nne na dakika tano, nyuma yake, kikaingia kigari cha Kui.

Mugure alikuwa ndani, amepiga magoti, spana mkononi, akifungua benchi ya kwanza sakafuni. Alisikia sauti ya mama yake ikimsalimu dereva wa lori, ikimsalimu Micah, ikiulizia afya ya mama yake Micah ambaye hajawahi kumwona. Hakuweza kuinuka. Halafu viatu vya mama yake vikasimama mlangoni.

"Hizi ni za Njuguna," Nyakio alisema.

"Ndiyo, Maitu. Nilitaka ushangae." Mugure alitazama spana yake. "Lakini zinarudi. Watu wakikalia wanafikiri wako kanisani. Hawaongei. Hawacheki. Mwenye hoteli amejaribu, simlaumu."

Nyakio alipita katikati ya safu polepole, akigusa mgongo wa kila benchi kama mtu anayesalimia watoto wa shule. Alipofika ya sita mabega yake yalianza kutetemeka. Mugure akainuka haraka akidhani mama analia. Mama alikuwa akicheka. Alicheka mpaka akashika meza, na leso yake ikateleza kichwani, na Jerotich akatoka jikoni kuona ni nani huyo amethubutu.

"Zimefanya tena," Nyakio alisema alipopata pumzi. "Hizi benchi zina tabia mbaya, mimi nakwambia. Zilimfanyia baba yako hivihivi."

"Zilimfanyia nini?"

"Wewe unafikiri alizitengenezea kanisa? Nani alikwambia? Baba yako alikuwa na hoteli."

Mugure alimtazama mama yake. Katika miaka arubaini na minne hajawahi kusikia kwamba baba yake alikuwa na hoteli.

"Ilikuwa ya siku moja, utaisikia wapi?" Nyakio aliketi, naye Jerotich, bila kujua anafanya nini, akaketi pia. "Banda la mabati pale barabarani, Ndabibi. Alifungua Jumamosi. Jumapili mvua ikanyesha ile ya kubeba ng'ombe, na kanisa wakati huo lilikuwa ni kivuli cha miti na mawe ya kukalia. Watu wakakimbilia kwa hoteli na mhubiri wao. Wakaomba humo. Sasa utafukuza watu wakiomba? Jumapili iliyofuata wakarudi, jua likiwa kali. Jumatano wakaleta mkutano wa akina mama. Ijumaa kwaya. Mtu akiingia kununua chai anakuta watu wamefunga macho, anatoka pole pole. Mwezi haukuisha hoteli ikawa kanisa, na baba yako akawa fundi tena."

"Na hakulalamika?" Jerotich aliuliza.

"Alicheka. Alisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini hawa wageni wamekuja na mhubiri." Nyakio alijifuta macho. Kisha akainama, akatazama nyuma ya benchi aliyoikalia, na uso wake ukabadilika. "Lakini hii kitu bado iko? Mugure. Toa hiki kibao."

"Ni cha vitabu, Maitu."

"Najua ni cha nini, niliona kikiwekwa. Lete spana."

Mugure hakuelewa, lakini alikuwa na spana mkononi na mama yake alikuwa ameamuru, na mambo hayo mawili yakikutana hakuna haja ya kuelewa. Akafungua boliti moja. Akafungua ya pili. Ilikuwa imekazwa kwa nguvu, na alipoitazama vizuri aliona haipiti kwenye kibao peke yake. Ilipenya mpaka ndani ya ule mkono wa chuma aliodhani ni madoido, ikiushika usisogee. Kibao kikaanguka.

Nyakio alisimama, akashika mgongo wa benchi kwa mkono mmoja, akausukuma. Mgongo ukainuka mzimamzima juu ya ile mikono ya chuma, ukavuka juu ya kiti, ukatua upande wa pili kwa sauti ya kuridhika. Benchi iliyokuwa ikitazama jikoni sasa ilitazama mlangoni, na haikuwa imesogea hata inchi moja.

Micah alisema neno ambalo hakuna mtu angelisema kanisani.

"Alifanya hivyo watu wakitaka kuongea na wa nyuma, wageuke," Nyakio alisema. "Hoteli ni maongezi, alisema. Lakini walipoanza kuomba, vijana wakawa wanageuza migongo katikati ya mahubiri watazame wasichana. Siku moja mzee wa kanisa alifungua macho baada ya sala akakuta nusu ya kanisa limempa kisogo. Wakamwambia baba yako azifunge. Akaweka hivyo vibao, akazikaza. Aliweka kichwa chini wiki nzima."

Mugure alikuwa amekwisha kuwa chini ya benchi ya pili. Alikuwa akicheka na kulia kwa wakati mmoja, jambo linalofanya spana iteleze. Jerotich akachukua spana ya pili mkobani bila kuuliza. Kui akashika vibao, Micah akashika boliti, dereva wa lori akachoka kungoja nje, akaingia, akaona, akakunja mikono ya shati. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ilipofika saa sita benchi zote kumi na mbili zilikuwa huru, na nesi mkuu mstaafu wa miaka sitini na mitatu alikuwa akipita katikati akizigeuza moja baada ya nyingine, huku na huku, bila sababu yoyote.

Wageni wa ufunguzi wakaanza kufika. Yule bwana wa makamo alikuja tena, akavua kofia, akaenda benchi yake ya nyuma kwa ncha za viatu. Kabla hajainamisha kichwa, dereva wa lori aliyekuwa mbele yake aliupindua mgongo wa benchi yake wakawa uso kwa uso, meza katikati.

"Sasa, boss," dereva alisema. "Mbavu ama mguu?"

Bwana yule alitazama mgongo wa benchi. Akamtazama dereva. "Hii imefanya nini?" aliuliza, kwa sauti ya kawaida, na hiyo ikawa sauti ya kwanza ya kawaida kusikika humo tangu Jumatatu. "Rudisha tena nione."

Basi kila aliyeingia akataka kuona, na kila aliyeona akataka kufanya. Akina mama wa kushoto waliwageuzia migongo wanaume wa kulia, kisha wakajuta, wakavuka kuwafuata. Jamaa wawili waliokuwa hawajaonana tangu shule ya msingi waligundua wameketi kisogo kwa kisogo. Watu waliinuka kugeuza, wakasongeana, wakamwagiana mursik, wakaombana radhi wakicheka. Mpishi aligonga kengele na hakuna aliyesimama, kwa sababu hakuna aliyeisikia. Aligonga mara tatu, kisha akaja mwenyewe na mbuzi.

Jerotich alisimama kwenye mlango wa jikoni, amefumba macho, akisikiliza. Nje, viti vya chuma vilikuwa bado juu ya lori, na dereva wake alikuwa kwenye sahani ya pili.

Mugure alimtafuta mama yake, akamkuta benchi ya pili kutoka mbele, na kikombe cha chai mezani. Mbele ya Nyakio, upande wa pili wa meza, kulikuwa na ile benchi ya mbele ambayo haikaliwi, tupu, ikitazama jikoni.

"Ile Jumamosi aliyofungua," mama yake alisema, "hakupata mteja mpaka saa tisa. Nilikuwa napita na mzigo wa kabichi. Nikaingia. Nikaitisha chai. Aliniletea, halafu akaketi hapo mbele akinipa mgongo, fikiria, kwa aibu. Nikadhani ananidharau. Halafu nikaona huo mgongo wa benchi unaenda juu."

Aliunyoosha mkono juu ya meza, akaushika mgongo wa ile benchi tupu, akaupindua.

"Keti hapo."

Mugure alikuwa amekalia viti vyote vya nyumba ile, kimoja baada ya kingine, sahani mkononi. Upande huu alikuwa hajaukalia. Akaketi, na uso wa mama yake ukawa mbele yake kabisa, karibu kuliko alivyotazamia.

"Sasa uliza mteja anataka nini," Nyakio alisema.

Mugure alijifuta macho kwa kiganja chenye grisi, akauliza.